Fundi anataka kushusha gia boksi, lakini oili imelowesha juu

Shikamoo fundi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Buhongwa hapa Mwanza. Nauza dagaa. Siku tatu kwa wiki natoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda Mwaloni Kirumba kuchukua mzigo, halafu naupeleka kwa wateja wangu Usagara na Misungwi. Gari langu ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, gia otomatiki. Aliniachia marehemu mume wangu, na ndilo linalosomesha watoto wetu.

Miezi miwili iliyopita nililipeleka gereji kwa sevisi ya kawaida: oili, filta na plagi. Fundi alinionyesha plagi moja ikiwa imelowa oili, akaweka mpya. Baada ya wiki kama mbili nikaanza kuona tone chini ya gari, nikapuuza. Sasa asubuhi nakuta dimbwi la ukubwa wa sahani ya chai, na kila wiki naongeza karibu lita nzima. Nikisimama kwenye foleni pale Mkuyuni, harufu ya oili inayoungua inaingia mpaka ndani na moshi mwembamba unatoka kwenye boneti. Juzi nikikata kona kuingia mtaani kwetu, ile taa nyekundu yenye picha ya birika iliwaka, ikazima.

Nimeshakwenda kwa mafundi watatu. Wa kwanza aliinama, akachungulia chini, akasema ni sili ya nyuma ya krenki. Gia boksi ishushwe, nimpe shilingi 350,000 za kazi, spea mbali. Wa pili akasema niweke oili nzito nitembee tu, magari ya zamani ndivyo yalivyo. Wa tatu akanishauri ninunue injini ya mtumba. Shemeji yangu yeye anasema niliuze kabla halijanifia mkononi.

Mimi nilifungua boneti nikapiga picha. Niliona juu ya gia boksi, upande wa betri, pamelowa oili nyeusi na vumbi limegandia. Nikamuuliza fundi wa kwanza, akasema hiyo si kitu.

Hela ya kushusha gia boksi ninayo, lakini ndiyo mtaji wangu na ndiyo ada ya Januari. Nikiitoa halafu gari likaendelea kuvuja, sina pa kushika. Nifanyeje?

Mama wa dagaa, Buhongwa

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mwenzio, na hongera kwa kutokubali kulala huku biashara ikikusubiri.

Naanza na lile la haraka. Taa ya birika haipimi kiasi cha oili kilichobaki. Inapima presha, yaani nguvu inayoisukuma oili ifike kwenye krenki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini), kamshafti na bearingi. Ukiiona inawaka kwenye kona, ujue oili imepungua kiasi kwamba gari likiinama upande mmoja, pampu inavuta hewa. Katika hali hiyo bearingi zinasagana chuma kwa chuma, na injini inaweza kunoki, yaani kufa kabisa, ndani ya kilomita chache. Ikiwaka tena, egesha pembeni na uzime injini hapohapo, hata kama umebakiza mita mia kufika nyumbani. Usiondoke mpaka umepima na kuongeza. Kuanzia kesho, kabla ya kuwasha gari kwenda Mwaloni, chomoa kipimo cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena usome. Gari liwe mahali tambarare. Mwanza yetu ni ya milima na mawe, na ukipima gari likiwa limeinama, kipimo kitakudanganya. Tembea na lita moja ya akiba kwenye buti. Ile harufu ya kuungua nayo usiizoee, kwa sababu oili inayodondokea ekzosi ya moto inaweza kuwaka.

Sasa nije kwenye picha yako.

Umeona oili juu ya gia boksi, ukaambiwa si kitu. Mimi nasema hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote ulivyoandika. Sili ya nyuma ya krenki, yaani mpira unaozuia oili isitoke nyuma ya krenki, iko chini, katikati, imefichwa kati ya injini na gia boksi. Ikivuja, oili inashuka ndani ya kengele ya gia boksi, ile sehemu pana inayofungwa kwenye injini, na kudondoka kwenye tumbo lake. Haiwezi kupanda ikalowesha mgongo wa gia boksi. Oili inashuka, na gari likitembea upepo unaisukuma kuelekea nyuma. Kwa hiyo popote unapoona tone chini, chanzo kiko juu yake au mbele yake. Fundi anayechungulia chini peke yake anaona mahali oili ilipoishia, halafu anataja kitu kilicho karibu na hapo.

Sijaligusa gari lako, kwa hiyo siwezi kuapa. Ila nikitazama hapo juu ya gia boksi, naona jirani mmoja anayejulikana sana kwenye injini hizi. Fungua boneti, fuata zile nyaya nene za plagi uone zinatokea wapi. Zinatokea kwenye distributa, kidude kilichofungwa kwenye ncha ya kichwa cha injini, upande wa gia boksi. Shingo ya distributa inaingia ndani ya kichwa, na kinachozuia oili isitoke hapo ni mpira mmoja tu wa duara, mwembamba kama tambi. Gari lako limepita miaka ishirini na kitu, na kama mpira huo haujawahi kubadilishwa, umepikwa na joto miaka yote hiyo. Nimeshautoa mara nyingi sana. Mpya unaukunja kwa vidole unarudi. Wa zamani umekuwa mgumu kama plastiki, umebonyea upande mmoja, na ukijaribu kuukunja unakatika kwa mlio. Ukifika hali hiyo, oili inapita kando yake, inateremkia mgongo wa gia boksi, inazunguka hadi chini, na tone linaning'inia palepale ambapo tone la sili ya nyuma lingening'inia.

Najua jinsi kosa hili linavyofanyika kwa sababu nimelifanya. Nikiwa bado fundi kijana, dereva wa teksi aliniletea Corolla inayodondosha oili kwenye kengele. Nilishusha gia boksi, nikabadilisha sili, nikafunga, nikachukua hela yake. Baada ya siku nne alirudi, na tone liko palepale. Nilipoiosha injini ndipo nikaona mstari mwembamba unashuka kutoka kwenye distributa. Nilimrudishia hela yake ya kazi, lakini siku alizokosa abiria sikuweza kumrudishia. Tangu hapo sishushi gia boksi ya mtu kabla sijaosha injini.

Na wewe anzia hapo: injini ioshwe. Injini iliyolowa kila mahali haisomeki. Iwe imepoa kabisa. Distributa, altaneta na mdomo wa kuvutia hewa vifunikwe kwa nailoni na kufungwa kwa mpira. Pakazwe sabuni ya kukata grisi, isuguliwe kwa brashi, isuuzwe kwa maji ya kawaida. Usikubali mtu aelekeze maji ya presha kwenye distributa, gari litagoma kuwaka. Petroli isitumike kabisa kuoshea, cheche moja inatosha kuteketeza gari na mwoshaji. Na nakuomba kama mzazi, usiende kuoshea ufukweni wala karibu na mto Mirongo. Maji tunayokunywa Mwanza yanatoka ziwani, na dagaa wako pia wanatoka humo. Tafuta mahali penye shimo la maji machafu.

Ikishakauka, chukua poda ya mtoto. Ipulizie injini: kuzunguka tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), chini ya distributa, mgongo wa gia boksi, ubavu wenye filta ya oili, ukingo wa sampu (bakuli la oili chini ya injini). Kaa mbali na mikanda na feni. Washa gari, liache lingurume dakika kumi na tano mpaka lipate joto, zima, chukua tochi. Poda nyeupe inaonyesha oili mpya kama karatasi inavyoonyesha wino. Kama bado hujaona kitu, endesha mpaka Mkolani na kurudi, uangalie tena. Tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Usihangaike na nyingine mpaka hiyo ya juu imezibwa, kwa sababu nusu ya madoa ya chini yatakuwa yametoka kwayo.

Nadhani utakuta sehemu zaidi ya moja. Barua yako ina dalili mbili nyingine. Ile plagi iliyokuwa imelowa oili inaonyesha sili za visima vya plagi, zilizo kwenye tapeti kava, zimechoka. Fundi wa sevisi alibadilisha plagi akaacha sili, kwa hiyo kisima kitajaa tena, na gari litaanza kukosa moto silinda moja. Moshi wa kwenye foleni ni gasketi ya tapeti kava upande wa mbele, ambako oili inadondokea ekzosi. Ukitembea upepo unaufukuza, ukisimama unapanda kwenye boneti. Gasketi na sili hizo zinabadilishwa pamoja, kwa kufungua kava moja, na gia boksi haiguswi.

Hapo kwenye tapeti kava simama karibu na fundi uangalie mikono yake. Uso wa kichwa na wa kava usafishwe mpaka ung'ae. Silikoni iwekwe kidogo tu kwenye zile pembe ambapo gasketi inapanda na kushuka, isizungushwe kava nzima. Silikoni iliyozidi inabanwa kuelekea ndani, inakatika, inaanguka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili, na hapo taa ya birika itawaka oili ikiwa imejaa. Nati zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana. Fundi anayekaza kwa nguvu zake zote anaiminya gasketi, na baada ya mwezi inavuja tena.

Distributa, kabla haijalegezwa, ichorwe alama kwenye mwili wake na kwenye kichwa cha injini, ili irudi palepale. Ikisogea, taimingi ya moto, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, inabadilika, na gari litakosa nguvu au kula mafuta. Mpira mpya upakwe oili kidogo na uingie wenyewe, bila silikoni. Mwambie muuza spea ni wa distributa ya 5A, na nenda na ule wa zamani mkononi mlinganishe unene.

Kuna jambo la sevisi ile linanisumbua. Injini ya 5A inajaa kwa oili lita 3 hivi, pamoja na filta. Galoni nyingi za dukani ni za lita 4. Nimeona mara nyingi fundi akimimina galoni nzima kwa kuwa mteja amelipia yote. Oili ikizidi, krenki inaichapa kama mtu anavyopiga mayai, inatoa povu, na presha ya ndani inaweza kuisukuma itoke kwenye sili zilizokwisha kuchoka. Umesema uvujaji ulianza wiki mbili baadaye, kwa hiyo sikatai kwamba ndiko ulikoanzia. Ya ziada imeshatoka, lakini safari ijayo pima mwenyewe kabla hujaondoka gereji. Oili ikae kati ya alama ya chini na ya juu, isipite ya juu.

Kwa kuwa ni sevisi hiyohiyo, ziangalie pia filta na nati ya kumwagia oili. Mara nyingine filta ya zamani inatoka lakini mpira wake unabaki umeng'ang'ania kwenye injini, halafu mpya inafungwa juu yake. Mipira miwili haishikani, na oili inaweza kumwagika yote kwa dakika chache. Nati nayo ina washa (ringi bapa ya kuzuia oili) inayopaswa kubadilishwa kila mara. Karibu na filta kuna swichi ya oili yenye waya mmoja. Chomoa soketi yake, na ukikuta oili ndani ya soketi, swichi yenyewe ndiyo inavuja kupitia tumboni. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Halafu kuna vali ndogo ambayo wengi wanaisahau, na wakiisahau sili mpya zinavuja tena. Juu ya tapeti kava kuna vali iliyochomekwa kwenye mpira, ina paipu inayokwenda kwenye manifoldi ya kuvutia hewa. Kazi yake ni kutoa mvuke na presha inayojengeka ndani ya injini. Ikiziba kwa masizi, presha inatafuta pa kutokea, na inatokea kwenye sili dhaifu. Ichomoe injini ikiwa imezimwa na uitikise sikioni: nzima inalia kwa kugongagonga, iliyoziba iko kimya. Kisha irudishe kwenye paipu yake, washa gari, weka kidole mdomoni mwa vali, usikie kama inavuta. Iliyoziba ibadilishwe. Ukiwa hapo, fungua kifuniko cha kujazia oili gari likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta. Mvuke kidogo ni kawaida. Ukipigwa na pumzi nzito mfululizo wakati vali ni nzima, ringi za pistoni zimechoka, na hapo tu ndipo ningeanza kuzungumzia injini nyingine. Kwa gari ambalo hujasema linatoa moshi wa bluu nyuma, huyo fundi wa tatu amewahi mno.

Kuhusu oili nzito: kwa joto la Mwanza, 20W-50 haitaiua injini iliyotembea sana, na inaweza kupunguza kasi ya tone. Lakini mpira uliokatika haiuungi. Hizo chupa zinazouzwa kuwa ni dawa ya kuzuia kuvuja zinalainisha mpira ambao bado una uhai, na wako nadhani hauna. Hela hiyo nunulia gasketi.

Na kama umeosha, umepuliza poda, umebadilisha vya juu, vyote vikabaki vikavu, halafu kengele ya gia boksi ikalowa? Basi fundi wa kwanza alikuwa sahihi na gia boksi ishushwe kwa moyo mweupe. Lakini kwanza paka hilo tone kwenye karatasi nyeupe. Gari lako ni otomatiki, na oili ya gia boksi ni nyekundu ikiwa haijaungua, ya injini ni kahawia au nyeusi. Tone jekundu ni sili ya mbele ya gia boksi yenyewe, na ukibadilisha ya krenki peke yake utakuwa umeshusha bure. Ikishushwa, zote mbili zibadilishwe kwa pamoja, kwa kuwa kazi kubwa ni kuishusha na unailipia mara moja. Sili ya zamani isichokolewe na bisibisi ikaikwaruza krenki, maana mkwaruzo huo utakuvujishia maisha yote.

Usiliuze kwa sasa. Gari linalovuja hivi litanunuliwa kwa bei ya kutupa, na atakayelinunua anaweza kubadilisha mpira mmoja na kulipandisha bei wiki hiyohiyo.

Rudi kwa fundi unayemwamini na umwambie hivi, kwa heshima lakini bila kusitasita: "Fundi, nataka injini ioshwe kwanza, halafu unionyeshe kwa kidole oili inapoanzia." Anayekubali hilo mpe kazi. Anayekasirika, chukua ufunguo wako.

Ukishamaliza, tandika boksi la karatasi chini ya gari usiku, uchore kwa kalamu mahali magurudumu ya mbele yalipo, ili kila usiku lirudi sehemu ileile. Kwa wiki mbili lisome kila asubuhi pamoja na kipimo cha oili. Madoa mawili matatu ya siku za kwanza yasikutishe, kuna oili ya zamani iliyojificha kwenye mikunjo ya gia boksi na itaendelea kuchuruzika kwa siku kadhaa. Doa linalokua siku hadi siku ndilo la kuniandikia tena, na ukiniandikia nitumie picha ya juu kama ile ya kwanza.